Nyasi Alizozilaza Mansuetus

Kunigunda hakulia mazishini kwa mumewe, na waombolezaji wa Litembo, ambao hawakosi neno, wakalisema. Waseme. Hakuwa jasiri wala hakuwa na kiburi. Alikuwa amekufa ganzi tu. Alipika, alifagia, aliitikia salamu, na hakuna kilichomgusa.

Mumewe Mansuetus alikuwa ameanza shamba la maharage mlimani. Huko kwao mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule, shimo likabaki kupokea mvua. Hiyo ndiyo ngoro. Mansuetus alilaza nusu ya shamba, homa ikamchukua. Kunigunda hakufukia hata mraba mmoja. Zile nyasi ndizo kitu cha mwisho kilichopangwa na mikono yake, na kuzifukia aliona ni kumzika mara ya pili.

"Shemeji, maharage hayangoji," alisema Kilian, mdogo wa marehemu. Alikuwa na haraka, maana mwaka ule wanunuzi binafsi walianza kuzunguka vijijini wakitafuta kahawa ingali mbichi mtini, na kila mwanaume alijiona mfanyabiashara, akitamani kila kipande cha ardhi. "Usipolima wiki hii, shamba nalichukua mimi na mke wangu."

"Sawa," alisema Kunigunda. Hata hilo halikumuuma.

Kesho yake alipanda kuzitazama nyasi kwa mara ya mwisho, jembe begani kwa mazoea tu. Zilikuwa zimekauka, nyingine zimepeperushwa, miraba imevurugika. Hiyo ndiyo faida aliyoipata kwa kuzilinda. Lakini pembeni, mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya mraba mmoja. Akaingiza mkono. Chini nyasi zilikuwa zimeoza, nyeusi, laini, na punje ya maharage iliyosahaulika ilikuwa imetia mizizi humo humo. Mlikuwa na joto. Joto lile alilisikia.

Akafukia mraba baada ya mraba, mpaka nyasi za Mansuetus zikaisha. Mbele yake zilibaki zilizosimama, hazina mtu wa kuzifyeka. Fyekeo la mumewe lilikuwa bado limening'inia mtini. Akalichukua.

"Shemeji! Hiyo kazi ya wanaume!" Kilian aliita kutoka njiani.

"Najua," alijibu, akafyeka na kuzilaza.

Mistari yake ilipinda vibaya. Mansuetus angemcheka mpaka ashike mbavu, halafu angeinyoosha. Sasa hakuna wa kuinyoosha. Kunigunda akalia kwa sauti, mlima mzima ukasikia, na hakuacha kufyeka.