Goti la Kunigunda

Victor, mtaalamu wa mazoezi, alishika kisigino cha Kunigunda kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine.

"Tunakunja, mama."

Kunigunda aliuma pindo la kanga. Goti jipya, la chuma na plastiki, lilisogea kidogo tu, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Alimsukuma Victor kifuani hadi akayumba.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, tusipolikunja wiki hizi, litaganda. Likishaganda, mimi sina la kufanya."

"Nipeni dawa, nitakunja hata mara mia."

Dawa ilikuwepo. Madaktari waliokuja na kambi ya upasuaji walikuwa wameagiza kabla hawajaondoka: mofini ya maji, hasa kabla ya mazoezi. Siku ya kwanza alipewa, akakunja goti mpaka Victor akapiga makofi. Asubuhi iliyofuata daktari wa wodi, Pankras, akapita.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Vizuri, namshukuru Mungu."

Kwa Kunigunda, ile ilikuwa salamu. Huko kwao milimani mtu hamwagi shida zake mlangoni. Unajibu vizuri kwanza, unaulizwa ya nyumbani, ndipo unasema kilichokuleta. Alikuwa akisubiri kuulizwa tena. Pankras alikuwa keshafika kitanda cha pili, akimwambia nesi kwamba maumivu yamekwisha, panadol inatosha. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Hapa aliulizwa, akajibu kwa adabu, na uji ukaondolewa.

Sasa alimwita nesi, Sista Bonifasia.

"Sista, mguu unawaka. Naomba ile dawa ya maji."

"Si umemwambia daktari unaendelea vizuri?"

"Nilikuwa namwitikia."

"Ndiyo hivyo, keshaifuta. Nikifungua kabati bila agizo lake, chupa ikipungua nafungwa mimi, si wewe."

"Basi mpigie simu."

"Yuko kwenye kikao Songea, hapokei." Bonifasia aliinama, akapunguza sauti. "Na ile si dawa ya kuililia, mama. Huwaoni vijana wanaopakia makaa ya mawe? Walianza na vidonge vya mgongo, leo ni mateja. Unataka uteja uzeeni?"

"Nataka kukunja mguu, sista! Ngolo zetu, yale mashamba ya mashimo, ziko kwenye mteremko. Nitazipandaje na mguu wa mti?"

"Jikaze. Wenzako wanajikaza."

Alijikaza. Victor alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi goti lilikunjika kidogo kuliko jana. Katika chumba cha daraja la kwanza, ng'ambo ya korido, alilala shemeji wa mkubwa mmoja, naye kapasuliwa nyonga. Mchana mmoja mzee yule alipiga kelele mara moja tu. Simu ikapigwa, daktari akapokea kutoka hukohuko Songea, na Bonifasia akapita mbio na ufunguo na kikombe kidogo mkononi. Baada ya muda mzee alisikika akikoroma. Kunigunda alitazama dari, asijue amtukane nani.

Pankras aliporudi, alilishika goti, akajaribu kulikunja, likakataa. Uso wake ukabadilika.

"Mama, maumivu yote haya, mbona hukusema?"

Kunigunda alivuta kanga, akalifunika goti. Aliruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili. Msimu huo mabinti zake walilima ngolo bila yeye, naye akakaa chini, anawatazama huko juu.

Mwaka uliofuata madaktari wageni walirudi kwa kambi nyingine, na hospitali ikatuma gari kumchukua Kunigunda. Uwanjani pameshafungwa turubai. Mgeni rasmi alinyanyua picha ya zamani ya Kunigunda, ile yenye matege.

"Mguu huu ulikuwa umepinda. Leo mnauona? Umenyooka kama rula!"

Watu walishangilia. Mpiga picha akataka aketi mstari wa mbele, katikati ya wakubwa. Alijitupa kwenye kiti. Mguu ukabaki mbele, wayo umeelekea kamera.

"Mama, rudisha mguu ndani kidogo."

"Haurudi."

"Kidogo tu, unaharibu picha."

"Haukunjiki!" Kunigunda alisema kwa nguvu, na turubai zima likasikia. "Mlininyima dawa, goti likaganda. Haukunjiki!"

Mgeni rasmi alimtazama Pankras. Pankras alicheka kidogo, akamshika mama bega.

"Amechoka na safari. Msimamisheni tu, akisimama anapendeza."

Wawili walimnyanyua kwapani, wakamsimamisha katikati. Mpiga picha akaomba makofi. Kwenye benchi la nyuma wagonjwa wapya, kila mmoja na matege yake, walipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, wakinong'onezana kwamba Mungu akijalia nao watatoka hivyo.