Nani Aliyempa Mwene Uchifu

Siku tatu kabla ya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kufika Ihanda, Nathanaeli, karani wa baraza, alikuwa bado anahangaika na sentensi moja. Wazee walikuwa wamekwisha kumtawaza Amoni kuwa Mwene, yaani chifu, mahali pa marehemu baba yake. Sasa serikali ilikuwa inakuja kumkabidhi madaraka ya kuamua kesi, naye Amoni alitakiwa ashukuru kwa Kiingereza. Nathanaeli aliandika kwamba serikali imempa Amoni uchifu, na kwa huko kumpa akatumia neno kubwa alilolisikia kwa wakubwa wa Mbeya, “confer”. Lakini lifuatwe na “with” au “upon”? Aliandika “with”, akaikata, akairudisha.

Mwishowe alikwenda kwa Mwalimu Lusubilo wa shule ya misheni, akamkuta anaanika kahawa.

“Ukisema ‘confer with’, unashauriana na mtu,” mwalimu alimweleza. “Cheo hupewa mtu kwa ‘upon’. Na madaraka yakiwekwa mikononi mwake, sema ‘vested in’.”

Nathanaeli alirudi mwepesi. Jioni hiyo alimsomea Amoni hotuba yote, kisha akaitafsiri kwa Kinyiha, kwa sababu Shangazi Roda alikuwepo, anapukuchua mahindi, na katika ukoo ule hapakuwa na jambo lililopita bila yeye kulisikia.

Roda alisikiliza hadi mwisho. Akauliza hiyo serikali ilimpa Amoni uchifu lini.

Nathanaeli alijibu kwamba ndivyo Kiingereza kinavyosemwa.

“Tuliompa ni sisi,” alisema Roda, bila kuacha mahindi yake. “Mwezi uliopita. Na wewe ulikuwepo, nyama ukala.”

Amoni alitazama chini. Hakutaka kumuudhi Bwana Shauri, wala hakuweza kumkatalia shangazi yake. Nathanaeli naye aliifikiria kazi yake. Lakini alipoichukua tena ile karatasi aliona kwamba Mwalimu Lusubilo alikuwa amempa maneno mawili, naye alikuwa ametumia moja tu. Akaandika upya: uchifu “conferred upon me by my people”, yaani aliopewa na watu wake, na madaraka ya mahakama “vested in me by the Government”, yaani yaliyowekwa mikononi mwake na serikali.

Siku yenyewe Amoni alisoma polepole, kola imemlowa jasho. Bwana Shauri aliiomba karatasi, akakirudia kile kifungu kwa macho, akauliza nani ameandika. Nathanaeli alisimama.

“Ni sahihi,” alisema Bwana Shauri, akaitia karatasi kwenye jalada lake.

Kama alisifu Kiingereza au alikubali jambo lenyewe, Nathanaeli hakujua, wala hakuthubutu kuuliza. Shangazi Roda alimvuta shati, akataka kujua mzungu amesemaje.

“Amesema ni sahihi, Mama.”

Roda aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuwapakulia wageni chakula.