Kicheko cha Mzimu

Fundi sauti alikuwa amestaafu kazi ya redio, lakini dharau hakuistaafu. Vijana waliochukua nafasi yake aliwaita wabonyezaji. Eti mvua wanaitoa kwenye kompyuta, ile ile kwa kila mchezo wa redio, na bado wanataka wapewe heshima. Yeye mvua yake ilikuwa mchele mkavu ukimwagwa kwenye trei ya bati huku mkanda ukizunguka. Mlango wa jela, mfupa unaovunjika, vyote alivinasa mwenyewe, akavikata kwa wembe na kuviunga kwa gundi. "Wale wembe wanaujua wa kunyolea tu," alisema. Waigizaji nao kwake walikuwa kasuku, na mabosi walikuwa pambo la ofisi.

Jumamosi asubuhi binti yake, mtoto wake wa pekee, alifika na ombi moja. Mama yake alifariki yeye hajatimiza mwaka. Picha anazo, ila sauti hajawahi kuisikia.

"Baba, mjukuu wako ananiuliza bibi alikuwa anaongeaje. Nimekosa la kumjibu."

"Umefika penyewe, mwanangu. Mimi sauti siipotezi, mimi si mbonyezaji."

Wakaingia chumba cha nyuma, wakapekua rafu. Boksi la kwanza liliandikwa "nyumbani", neno limekatwa kwa mstari, juu yake "ngurumo". La pili, "nyumbani" tena, limekatwa, "treni". La tatu, "kikohozi cha mzee". Akajitetea kwamba mikanda ilikuwa ya kubembeleza ofisini, na kurekodi juu ya mkanda wa zamani ilikuwa kawaida ya kazi. Binti alimwangalia tu, na mzee akayatambua macho yale: ndiyo yeye mwenyewe aliyokuwa akiwaangalia nayo wabonyezaji.

Hapo ndipo akaukumbuka mzimu. Mchezo mmoja ulitaka mzimu wa kike, naye akakata kipande chenye kicheko cha mkewe, akakiunga nyuma mbele, akakipiga kwa nusu ya mwendo wake. Kwa mbali ndani ya kipande kile kulikuwa na kitu kinaomboleza, hata hakujishughulisha kujua ni nini, maana kilinoga. Wasikilizaji walilala taa zikiwaka. Sifa alizopata kwa mzimu ule alizitembeza kwenye kila harusi, bila kusema hata siku moja kicheko kilikuwa cha nani.

Mkanda wa mzimu ulikuwepo, tena umefungwa vizuri kuliko yote. Akakikata kile kipande, akakigeuza, akakiunga upya, akakipiga kwa mwendo wake wa kawaida.

Mwanamke kijana akacheka. Si kicheko cha furaha, ni cha mtu anayemcheka mtu. Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha sauti ile ikasema, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusema mara nyingi:

"Zima hilo dude lako, bwana. Mtoto analia tangu saa ile. Unanasa kila kitu na husikii chochote."

Na kweli, nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

Mzee akanyoosha mkono kuizima mashine.

"Rudia," binti alisema, machozi yakimtiririka.

Akarudia. Akaambiwa arudie tena, akarudia, mara ya tatu, mara ya nne, na kila mara mkewe akamcheka upya mbele ya mtoto wake.