Shamba Kichwani mwa Alvester

Jumanne asubuhi Alvester Hargrove alikaa kwenye kiti cha kinyozi mtaani kwao Detroit, akafungwa shuka shingoni. Mashine ya Dunbar ilipita kisogoni mara moja, ikakwama. Mabegani yakadondoka majani mabichi ya bangi.

"Umeanza kuchipua," Dunbar alisema.

"Tangu sheria ya kuiruhusu bangi ipite."

"Basi sikunyoi, kaka. Huku sasa ni kuvuna, na leseni ya kuvuna sina. Unataka nifungiwe kibanda?"

Alvester akajifungua shuka. Miaka tisa ya ujana wake iliishia gerezani kwa kipakiti kimoja cha bangi alichouza kwenye kona ya mtaa huohuo. Leo hapo pana duka la bangi la vioo vitupu, la watu wasiojua hata jina la mtaa, na polisi wanawasalimia kwa heshima.

Akaenda mwenyewe ofisi ya leseni kujiandikisha kama mkulima wa bangi. Afisa, binti mpole, alihesabu mashina kumi na mawili, akambana kibati cha namba sikioni.

"Hongera, baba. Uko ndani ya sheria."

"Mama yangu ni mahututi, yuko Alabama. Nataka kwenda Ijumaa, nimuwahi."

"Hapo ndipo penye shida. Ukivuka tu mpaka wa jimbo letu la Michigan, unasafirisha bangi, na hilo bado ni kosa. Na ulishafungwa, baba. Hawatakuonea huruma."

"Nikinyoa upara?"

"Na mizizi?"

Alhamisi mama akafariki. Jumamosi Vernell, dada yake, aliinua simu juu ya kaburi. Alvester akasikia nyimbo, akasikia makoleo, akalia peke yake jikoni huku majani yakimfunika macho. Uchungu ule haukuwa na fomu ya kujaza.

Jumatatu mama akafika kwa miguu, viatu vyake vya kanisani vimejaa udongo mwekundu. Wafu hawapekuliwi mpakani. Alvester alimvua koti, akamkaangia mayai, akampikia uji mzito wa mahindi kama alivyoupenda.

Mama akanusa. "Bado unanuka kile kitu kilichokufunga."

"Siku hizi ni halali, Mama. Mpaka kodi inalipiwa."

"Na hicho kibati?"

"Ndiyo ruhusa yenyewe."

Mama alikoroga uji, akapuliza kijiko.

"Kama una ruhusa, mwanangu, mbona hukuja kunizika?"

Alvester akamsogezea chumvi. Mama akala polepole.