Dole Gumba la Lusia

Severina alikuwa akipekua karatasi za mahudhurio ya mkutano mkuu wa kijiji, zile zenye madole ya zambarau ya wasiojua kuandika, na hakuhisi chochote. Miaka sita ya kuwa mtendaji wa kijiji ilikuwa imemtia ganzi. Watu wa Itengulwa walimwita Mama Mhuri, na yeye, jamani, alikuwa ameacha hata kununa.

Asubuhi ile, ukungu haujainuka milimani, Zabron, afisa mipango wa wilaya, alikuwa amempigia simu.

"Dada Severina, zile fedha za mradi wa kijiji chenu sasa zinajenga uzio wa ofisi ya kata. Niandalie muhtasari unaoonyesha kuwa wananchi wameridhia."

"Wananchi walichagua zahanati, kaka. Matofali wameshafyatua."

"Karatasi ya mahudhurio si unayo? Ibandike nyuma. Na ule uhamisho wako wa Mbeya uko mezani kwangu, nitausukuma."

Mbeya! Binti yake, Blessing, alikuwa Ilomba, huko huko Mbeya, kwa bibi yake, darasa la tatu sasa, na siku hizi alimwamkia mama yake kwenye simu kama anayemwamkia mgeni. Severina akajibu, "Sawa, kaka."

Wala haikuwa mara ya kwanza. Itengulwa watu husaini mlangoni, kabla neno lolote halijasemwa. Uamuzi huandikwa baadaye na kubandikwa kwenye saini hizo hizo. Mtindo huo ulijulikana, na hakuna aliyeuhoji. Aliwahi kupelekwa Iringa mjini kwa semina ya siku tatu kuhusu kugatua madaraka kwa wananchi. Alirudi na kofia na begi. Madaraka yalibaki huko huko ukumbini.

Akaandika: wananchi mia moja themanini na wanne, kwa kauli moja, wameridhia uzio. Kisha akaanza kuhakiki majina. Namba sabini na moja ilikuwa dole gumba lililokolea wino hadi likachafua mstari wa jirani. Lusia. Siku ya mkutano alicheka, akajifuta kidole kwenye kanga iliyozunguka tumbo la miezi minane. "Mtendaji, huyu wangu atazaliwa kwenye matofali ya zahanati yetu," alisema. Wiki mbili baadaye wanaume walimbeba kwa machela ya miti kuelekea barabara kuu. Walifika na maiti mbili.

Severina alikwenda msibani, akasoma rambirambi za serikali ya kijiji, akarudi ofisini. Hakulia. Sasa kalamu ilimgomea mkononi, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alifunga ofisi, akaenda na karatasi zake na mhuri kwa Veronika, mama wa marehemu, aliyekuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mtendaji. Mbona umepauka hivyo?"

Akamsomea muhtasari wote, kisha majina, mpaka namba sabini na moja. Veronika hakuinua macho kwenye gunzi.

"Kwa hiyo mwanangu amekubali ukuta."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na wewe ulikuwepo. Andika kwamba Lusia amekataa."

"Mama, marehemu hawezi kuandikwa kuwa amekataa."

"Mbona kuandikwa amekubali ameweza?"

Severina aliketi juu ya debe lililopinduliwa. Akauchana ule muhtasari vipande viwili, akachukua karatasi mpya, akaandika yale yaliyosemwa siku ile, kama yalivyosemwa. Zahanati. Waliochangia matofali. Aliyeuliza wodi ya wazazi ingekuwa upande gani, na kwamba jina lake lilikuwa Lusia. Alipomaliza akagonga mhuri, akaambatisha mahudhurio.

Akampigia Zabron, akamwambia muhtasari uko tayari, na ni wa zahanati.

"Basi tulia huko huko, dada," alisema Zabron, akakata simu.

Hazikupita dakika nyingi simu ikaita tena. Blessing, kwa simu ya bibi yake.

"Shikamoo. Bibi anauliza unahamia lini."

"Na wewe huulizi?"

Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Lini, mama?"

"Bado, mwanangu," Severina akasema, "bado sana," na machozi aliyoyakosa msibani yakamtoka pale pale barazani. Veronika akamsogezea kapu la mahindi, wakapukuchua pamoja.