Mkono Uleule

Tangu fundi cherehani alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na kuondolewa tezi za kwapani, mkono wake wa kulia ulivimba, ukawa mzito, na wifi yake akahamia dukani kumsaidia. Kusaidiwa kwenyewe ndiko kulikomtia kichaa. Akigusa pasi, wifi huyo hapo: "Weka chini, wifi, utajiumiza." Akisogelea jora la kitambaa, wifi kashalibeba. Mwisho hata mkasi ukahamia kwa wifi, na mwenye duka akabaki kushona vifungo kama mwanagenzi.

Alimwonea wifi wivu wa mkono wake mwembamba, akamwonea wivu hata wa jasho.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshangaza. "Nani kakwambia usibebe kitu? Vaa soksi yako ya kubana mkono, anza na chuma chepesi, ongeza kidogo kidogo. Ukiona umevimba zaidi au unauma, acha, uje nikuone."

Akaanza. Wagonjwa wenzake walinyanyua vyuma kwa ajili ya afya, yeye alinyanyua kwa kijicho. Kila akikunja kiwiko alimwona wifi na mkasi. Siku moja kijicho kikamzidi, akachukua chuma kizito kabla ya wakati, na kesho yake soksi ikagoma kupanda. Mtaalamu akamrudisha kwenye chepesi, naye akarudi kwa adabu, akiuma meno. Nyumbani alijipima kwa tepu yake ya ushonaji, toka kwapa hadi kiganja, kama anayempima mteja mkorofi.

Miezi ikaenda. Mkono haukuwa mwembamba, ila ulipata nguvu. Asubuhi moja wifi akiwa uani anapiga pasi, mteja akaingia. Fundi akapanda kigoda, akashusha jora zima la hariri, akalitua mezani bila kutetemeka. Roho ilimuuma kwamba wifi hakuona.

"Ni gauni la harusi ya binti yangu," mteja akasema. "Nataka mkono uleule ulioshona la mdogo wangu."

"Ndio huu," fundi akasema, akauinua.

"Lile la zambarau, lenye marinda nyuma."

La zambarau lilikuwa kazi ya wifi mwanzo mwisho. Yeye alitia vifungo tu. Mteja hakujua, na uongo ulikuwa umeshafika ulimini. Akaumeza, ukashuka kama mwiba.

"Wifi," akaita, "njoo, unatafutwa."

Wifi akaingia, akaliona jora. "Nani kakushushia?"

"Nimeshusha mwenyewe."

Wifi aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kwa macho ambayo fundi aliyajua vizuri, maana ndiyo yeye aliyomtazamia wifi miezi yote hiyo. Hakumpongeza. Alimkaribisha mteja kiti, akachukua tepu, na polepole, kana kwamba anapanga meza, akauvuta mkasi upande wake.