Jina Ubaoni kwa Mzee Dotto

Yahya fundi alipopiga simu kusema mashine ya marehemu baba yake imepona, Bernard alicheka kwa furaha kama inavyompasa bingwa, akaweka simu mezani, akaenda kujifungia chooni robo saa nzima. Mkewe Vailet alidhani ni tumbo.

Ilikuwa mashine ya gemu, ile ya kusimama kama kabati, iliyowekwa zamani kwenye ukumbi wa Mzee Dotto, baba yake Yahya, pale Maili Moja. Kijibwana chenye kofia kinapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, kwenda kugonga kengele juu ya kinu, huku mawe ya kusagia yakibingirika kukifuata. Jina lake la kizungu hakuna aliyelijali. Vijana wa Kibaha waliiita Mgema, ikatosha. Kasoro yake ilikuwa moja: umeme ukikatika, inasahau majina ya washindi wote, na umeme wa mwaka tisini na saba ulikatika unavyotaka. Ndiyo maana Mzee Dotto alitundika ubao ukutani, na kila aliyeigonga kengele aliandikwa hapo kwa rangi ya mafuta.

Jina la mwisho ubaoni lilikuwa BERNARD, na Bernard hakuigonga kengele hiyo hata siku moja.

Aliyeigonga ni mdogo wake Efrazia, akiwa na miaka kumi na mitatu, mchana ambao alitakiwa awe kwa katekista akijiandaa na kipaimara. Vijana wote walikuwa wamekwenda kutazama mpira. Efrazia alicheza, na kaka yake akasimama mlangoni, mgongo kwa mashine, akichungulia kama katekista anapita. Mzee Dotto alikuwa kwenye ua wa nyuma. Akasikia kengele ikilia, akaja mbio, na kabla hajafika umeme ukakatika. Akauliza nani kaigonga. Efrazia alinyamaza, maana angesema ni yeye, habari ingefika kwa katekista kabla ya jua kuzama na kwa baba kabla ya ugali.

Bernard akasema, "Mimi."

Njiani kurudi nyumbani alimwahidi kwamba akishapata kipaimara atawaambia watu ukweli. Efrazia akaamini. Mwezi wa nane askofu akaja, akampaka mafuta, wakala pilau, shangazi zao wa Chole wakacheza mpaka viatu vikakatika, na Bernard hakusema neno. Atasemaje, na vijana wanampisha njia, wanamwita bingwa? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu hata tembo lenyewe hakuligema yeye. Efrazia hakumkumbusha ahadi. Aliolewa Msimbu huko Kisarawe, akawa analima mihogo na mananasi, na kila alipokuja Kibaha alimwamkia kaka yake shikamoo kwa adabu zote. Bernard aliitikia marahaba akitazama pembeni.

Sasa Yahya alikuwa anafungua duka, na alitaka bingwa wa mwisho aifungue mashine kwa kuicheza mbele za watu.

Kwa kweli Bernard hakuwa mtupu kabisa. Alikuwa na gemu hilohilo nyumbani, la kaseti, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, aliyoinunua Kariakoo alipoanza kazi ya ukarani. Kwenye kaseti alikuwa hodari. Leveli ya kwanza mawe, ya pili lifti, ya tatu kengele. Ndivyo alivyosimulia ushindi wake miaka ishirini na saba, harusini na hata misibani: leveli tatu. Basi kwa wiki mbili, kila alipotoka kazini Dar, alifunga mlango wa sebule akacheza mpaka kidole gumba kikachubuka. Vailet, ambaye hakujua lolote, akampigia wifi yake aje kushuhudia.

Jumamosi saa nne asubuhi duka lilikuwa limejaa. Efrazia alifika na kapu la mananasi, akamwamkia kaka yake, akasimama nyuma na wanawake wenzake. Yahya alikuwa ameutundika ubao uleule wa baba yake. Rangi ilikuwa imefifia lakini jina lilisomeka.

Mawe Bernard aliyaruka vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja leveli ya pili. Hakukuwa na lifti. Kulikuwa na mikanda ya kiwandani, huu unakwenda kushoto, ule kulia, imebeba magunia. Hajawahi kuiona. Waliotengeneza kaseti waliiondoa leveli hii ili gemu lienee ndani yake, naye enzi za ukumbini hakuwahi kuyavuka mawe. Gunia la kwanza likamwangusha. La pili likamwangusha palepale.

"Bernard, mbona kama mgeni?" Yahya akauliza, bila ubaya wowote. "Si ulishapita hapa wewe?"

Watu wakaanza kutazamana. Bernard alikuwa amebakiza uhai mmoja, na shati limemganda mgongoni kwa jasho. Angeomba ardhi ipasuke immeze, ila alijua hata ardhi ingetaka maelezo. Ndipo akasikia harufu ya mananasi nyuma ya bega lake, na sauti ya chini.

"Usikimbie na mkanda, kaka. Tembea kinyume chake. Subiri gunia la tatu. Sasa ruka."

Akaruka. Efrazia akamwambia subiri, akasubiri. Akamwambia panda, akapanda, mtu mzima mwenye kitambi na tai akimtii mdogo wake kama mtoto anayefundishwa kutembea. Efrazia angeweza kumwacha azame. Ilitosha anyamaze, na kwenye kunyamaza hakuwa na mpinzani. Mikanda ikapita, lifti anazijua, na kengele ikalia duka zima.

Yahya akaja na brashi na kopo la rangi. "Tuliandike upya jina la bingwa," akasema.

Kwa aibu Bernard akaizuia brashi kwa mkono. "Andika Efrazia," akasema, na kwa muda mfupi sana aliamini kwamba amekiri kila kitu.

Duka likalipuka kwa vigelegele. Vailet alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Yahya akawaambia watu watazame moyo huo, mtu kashinda mwenyewe, mara mbili, na bado sifa anampa dada yake. Mzee mmoja akasema ndugu wa namna hiyo siku hizi hawapo. Lilibaki neno moja tu la kusema, kwamba kengele ile ya kwanza pia ilikuwa ya Efrazia. Bernard akafungua mdomo. Akaona jinsi mkewe anavyomtazama, akaufunga.

Yahya akaandika EFRAZIA chini ya BERNARD. Efrazia alilitazama jina lake, hakuharakisha. Kisha akaja mbele za watu wote, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi kwa kaka mkubwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, kaka," akasema.

"Haya, mdogo wangu," akajibu Bernard.